Mtu Aliyemuuliza Nyuki Rangi ya Ua

Kila mwanafunzi aliyepitia somo la biolojia katika shule zetu ameihifadhi kwa ghibu sentensi moja: ya kwamba maua yachavushwayo na wadudu huwa na rangi za kung'aa ili kuwavutia wadudu hao. Huiandika katika mtihani, hupewa alama yake, na mambo yakaishia hapo. Nimelifundisha somo hilo Kitui, na baadaye Makueni, na nimeisahihisha sentensi hiyo mara nyingi kuliko niwezavyo kuhesabu. Si ya uongo. Lakini ni sentensi iliyokatwa mkia, kwani haisemi rangi hizo zinang'aa machoni mwa nani.

Ndugu msomaji, mtu aliyelitia swali hilo maanani kuliko wengi, akalitafutia jibu kwa karatasi, maji ya sukari na subira, aliitwa Karl von Frisch. Alifariki mwaka 1982, na kwetu jina lake, likitajwa, hutajwa kwa sababu ya ile ngoma ya nyuki aliyoifasiri. Mimi nataka kuyaeleza maisha yake kwa upande wa rangi. Hapo ndipo alipoanzia. Fauka ya hayo, naamini kazi yake hiyo ya kwanza yaweza kurudiwa katika shule yoyote ya Mutomo, Mwingi, Wote au Kibwezi, hata ile isiyo na maabara.

Kabla yake alikuwapo mwalimu, nami nalisema hili kwa fahari ya kazi yetu. Christian Konrad Sprengel alikuwa mkuu wa shule katika mji wa Spandau, Ujerumani. Mwaka 1793 alichapisha kitabu ambamo alionyesha kwamba mistari na madoa ya rangi yaliyomo katika maua mengi ni alama za njia: humwelekeza mdudu mahali palipo na mbochi, yaani yale majimaji matamu ambayo nyuki huyageuza kuwa asali. Watu wa zama zake hawakumjali, na ukuu wa shule nao ukamponyoka. Charles Darwin ndiye aliyekisoma kitabu hicho mwaka 1841, akakithamini, akakitoa vumbini. Tangu hapo wataalamu wengi wakaamini kwamba ua na mdudu wameumbika kwa kutegemeana, na kwamba rangi ni tangazo la biashara baina yao. Waliamini, lakini hakuna aliyekuwa amethibitisha kwa yakini kwamba mdudu huiona rangi.

Von Frisch alizaliwa Vienna, mji mkuu wa Austria, tarehe 20 Novemba 1886, kitinda mimba wa wana wanne wa kiume. Baba yake alikuwa daktari wa upasuaji. Mama yake alitoka katika ukoo wa Exner, ukoo uliojaa maprofesa, na mjomba wake mmoja, Sigmund Exner, alikuwa mtaalamu wa fiziolojia aliyeandika mwaka 1891 kitabu mashuhuri juu ya macho ya wadudu, yale macho yaliyoundwa kwa vijicho vingi vilivyopangwa kama vyumba vya sega. Mtoto huyu alifuga kila kilichotambaa, kuogelea na kuruka, kasuku mmoja akiwamo, na mama yake aliyavumilia hayo yote. Familia ilikuwa na kinu cha zamani kando ya ziwa, mahali paitwapo Brunnwinkl, ambapo walipumzika kila kiangazi. Pale kinuni ndipo majaribio yake mengi makubwa yalipofanyika. Napenda jambo hilo likumbukwe, maana twadhani elimu hukaa katika majumba makubwa tu.

Alianza kusomea udaktari ili kumridhisha baba, kisha akauacha na kuhamia elimu ya wanyama, Munich na Vienna. Shahada yake ya uzamifu aliipata mwaka 1910 kwa utafiti juu ya samaki wadogo wa mitoni, jinsi wanavyobadili rangi ya miili yao. Na hapo ndipo alipoingia vitani bila kutaka.

Mtu aliyepambana naye aliitwa Carl von Hess. Huyu alikuwa daktari wa macho mwenye heshima kubwa, mkurugenzi wa hospitali ya macho ya Munich, mwenye umri uliomzidi von Frisch kwa zaidi ya miaka 20. Hess alikuwa ametangaza kwamba samaki, na wadudu wote pamoja nao, hawaoni rangi kabisa. Dunia yao ni ya mwangaza na giza tu. Ushahidi wake ulionekana madhubuti. Aliwaweka wanyama mahali penye giza, akawamulikia taa za rangi mbalimbali, akatazama wakimbilia wapi. Kila mara walikimbilia palipong'aa zaidi, hata rangi ikiwa ipi, sawasawa na afanyavyo binadamu asiyeona rangi.

Kijana von Frisch hakusema kwamba Hess ameona vibaya. Alisema kwamba ameuliza vibaya. Nyuki aliyefungiwa gizani anatafuta mlango wa kutokea, na kwa mwenye kutoroka mwanga ndio mlango. Rangi yake haimhusu ndewe wala sikio. Ukitaka kujua kama nyuki anaona rangi, mwulize akiwa katika shughuli ambayo rangi ina faida kwake, nayo ni shughuli ya kutafuta chakula. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya, ikiwamo ile ngoma. Na sisi walimu tuliokwisha kumwita mwanafunzi mjinga kwa kuwa tulimwuliza swali la hesabu akiwa na njaa tunaweza kulitafakari zaidi ya wanabiolojia.

Sasa naomba msomaji anisikilize kwa makini, kwa maana jaribio lenyewe ni jepesi na ndani yake mna hila ya hali ya juu. Von Frisch aliweka meza nje, karibu na mizinga. Juu ya meza aliweka karatasi ya buluu, na juu ya karatasi hiyo kisahani cha maji ya sukari. Nyuki walikuja, wakanywa, wakarudi mzingani, wakaja tena na wenzao. Baada ya muda aliiondoa, akaweka karatasi mpya ya buluu na kisahani kitupu. Nyuki wakaijia ile buluu.

Je, wameiona rangi? La, bado. Mtu asiyeona rangi naye angeweza kuitambua karatasi ya buluu katikati ya karatasi nyeupe, kwa kuwa machoni pake buluu ni kijivu cha kiasi fulani. Kwa hiyo von Frisch alitengeneza karatasi za kijivu za viwango vingi, kuanzia nyeupe kabisa, kupitia kijivu hafifu na kijivu kizito, hadi nyeusi kabisa, akazipanga mezani kama ubao wa drafti. Mahali pamoja kati ya hizo kijivu aliiweka ile buluu. Kila karatasi ilikuwa na kisahani, ila cha buluu peke yake ndicho kilichokuwa na utamu. Mara kwa mara aliibadilisha nafasi yake ili nyuki wasikariri mahali. Kisha wakati wa mtihani akaweka visahani safi, vitupu vyote, akafunika karatasi kwa kioo ili harufu isiwape habari. Kama nyuki haoni rangi, basi miongoni mwa vijivu vyote hivyo kimoja lazima kifanane na buluu machoni pake, naye atachanganyikiwa. Nyuki hawakuchanganyikiwa. Waliijia buluu moja kwa moja, popote ilipowekwa.

Aliwafunza nyuki wengine kwa manjano, na wakafaulu. Akawafunza kwa nyekundu, na hapo pakatokea ajabu. Nyuki waliofunzwa kwa nyekundu waliijia nyekundu, lakini waliijia pia nyeusi, na kijivu kizito. Hawakuweza kutofautisha. Rangi ambayo sisi binadamu twaiona kali kuliko zote, ile ambayo mwenye duka huipaka mbele ya duka lake ili mteja asipite, kwa nyuki ni giza.

Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1914. Hess hakuyakubali, lakini majaribio yalirudiwa na wengine na ushindi ukawa wa kijana. Mwaka huohuo Vita Vikuu vya Kwanza vilianza. Von Frisch hakupelekwa mbele kwa sababu ya udhaifu wa macho yake, naam, macho yake mwenyewe, akatumika katika hospitali iliyoongozwa na kaka yake huko Vienna. Hapo alikutana na muuguzi Margarete Mohr, wakaoana mwaka 1917.

Naiacha kidogo Ulaya nirudi kwetu, kwa kuwa bila hivyo habari hizi zitabaki kuwa za watu wa mbali. Nyuki wa von Frisch na nzuki wa Ukambani, wale wakaao katika mizinga ya magogo iliyoning'inizwa juu ya migunga na mibuyu, ni spishi moja. Wametofautiana kwa kabila na kwa ukali, wetu wakiwa ndio wenye hasira zaidi. Alichokiona mezani kwake kinawahusu nao.

Basi tutembee. Mti wa muvuti huchanua maua mekundu kama makaa ya moto. Mwanafunzi mwenye kuikariri ile sentensi yetu atasema kwamba wekundu huo ni wa kuwaita wadudu. Lakini atazame nani anakuja kwanza: ni chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda. Ndege huiona nyekundu barabara. Mishubiri ya vilima vya mawe ya Kitui nayo, yenye vikonyo vya maua mekundu, ina mgeni huyohuyo. Sisemi kwamba nyuki hagusi ua jekundu. Huligusa, akivutwa na harufu, au na umbo, au na rangi nyingine iliyofichika ambayo nitaieleza baadaye. Nasema tu kwamba nyekundu si tangazo lililoandikwa kwa lugha yake.

Mbuyu wa Kibwezi una ua jeupe, kubwa, lililoning'inia, nalo hufunguka jioni jua likizama. Nani aonaye rangi gizani? Weupe ule na harufu yake nzito ni kwa ajili ya popo, ambao huja usiku na kuondoka na chavua kifuani. Muthiia nao, ule mgunga wenye miiba ya kulabu, hujifunika maua madogo yenye weupe wa maziwa kiasi cha mti mzima kuvuma kwa nyuki. Wataalamu waliupa jina la Kilatini lenye maana ya mzaa asali. Tazama pia lantana, gugu lililovamia malisho yetu. Kishada chake kimoja kina maua ya manjano katikati na mekundu au ya waridi pembeni. Si maua ya aina mbili. Ua huzaliwa la manjano likiwa na mbochi, kisha likizeeka hugeuka rangi. Vipepeo hujifunza kuyaendea ya manjano, na yale yaliyozeeka hubaki kama pambo linalokifanya kishada kionekane kutoka mbali.

Hata shambani kwetu rangi hutofautiana ndani ya zao moja. Kunde za jirani wawili huweza kuchanua moja nyeupe, nyingine zambarau. Mbaazi huchanua manjano, na mbegu nyingine manjano yenye michirizi myekundu kwa nyuma. Niliwahi kuwapeleka wanafunzi katika shamba la mbaazi lenye mbegu zote mbili na kuwataka wahesabu nyuki kwa dakika 20, kila kikundi mistari yake. Sitayatoa matokeo yao kama ushahidi, kwa sababu saa moja ya asubuhi moja si utafiti. Lakini ubishi waliorudi nao darasani ulikuwa mtamu kuliko somo lolote nililowahi kuliandaa: je, nyuki anaiona ile michirizi hata kidogo, au kwake ni kivuli tu? Na wale nyuki wakubwa weusi watoboao mbao, wanaolikandamiza ua hadi linafunguka, wanafuata rangi au wanafuata kumbukumbu?

Sasa turudi kwa von Frisch, tumwone akisaidiwa na wenzake. Jaribio la karatasi lilikuwa limeonyesha kile ambacho nyuki hana. Halikuonyesha alicho nacho na sisi hatuna. Katika miaka ya 1920 mtaalamu mwingine wa Kijerumani, Alfred Kühn, alitumia mwanga uliopasuliwa kama wa upinde wa mvua badala ya karatasi, akathibitisha kwamba nyuki huiona urujuanimno, ule mwanga uliopo nje ya mwisho wa zambarau, ambao jicho la binadamu haliuoni. Jicho letu hupokea mwanga wa takriban nanomita 400 hadi 700. La nyuki huanza takriban 300 na kuishia karibu 650. Kwa maneno mengine, amepoteza kipande upande wa nyekundu akalipwa kipande upande wa pili. Baadaye, mwaka 1956, mwanafunzi wa von Frisch aitwaye Karl Daumer alionyesha kwamba nyuki hujenga rangi zote kwa rangi tatu za msingi kama sisi, ila zake ni urujuanimno, buluu na kijani. Na kwamba manjano ikichanganyika na urujuanimno humpa rangi ambayo sisi hatuna jina lake wala hatuwezi kuiwaza.

Hapo ndipo mafumbo mengi yalipofumbuka. Yako maua mekundu ya mashamba ya Ulaya ambayo nyuki huyapenda sana, jambo lililoonekana kumpinga von Frisch. Ikabainika kwamba maua yale huirudisha urujuanimno, na ndiyo waionayo. Maua mengi tuyaonayo meupe huimeza urujuanimno, hivyo kwa nyuki si meupe. Yana rangi ya buluu iliyoelekea kijani. Na alizeti, ambalo hulimwa kwetu, tunaliona manjano tupu kutoka ncha ya petali hadi shinani. Nyuki haoni hivyo. Ncha za petali hurudisha urujuanimno na mashina yake huimeza, kwa hiyo yeye anaona duara lenye kiini cha giza, kama shabaha ya mpiga mshale. Zile alama za njia za mwalimu Sprengel zimo humo, zimechorwa kwa wino tusioweza kuusoma.

Mwaka 1925 von Frisch, ambaye alikuwa amepitia uprofesa wa Rostock na Breslau, alirithi kiti cha mwalimu wake Richard Hertwig huko Munich, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 akajengewa taasisi mpya kwa msaada wa fedha za Wakfu wa Rockefeller wa Marekani. Aliwatia nyuki wake nukta za rangi migongoni, rangi tano tu zilizopangwa kwa ufundi, kiasi cha kuweza kuwapa namba mamia ya nyuki na kumjua kila mmoja. Aliandika pia kitabu cha kuwaeleza watu wa kawaida maisha ya nyuki, mwaka 1927. Profesa ambaye haoni haya kumwandikia mwuza duka, huyo mimi humheshimu.

Kisha wakaja Wanazi. Waliichimba nasaba ya kila mtumishi wa serikali, na katika ukoo wa Exner wakamwona bibi mzaa mama wa von Frisch, aliyekuwa wa asili ya Kiyahudi. Aidha alilaumiwa kwa kuwaweka wasaidizi wa Kiyahudi katika taasisi yake. Mwezi wa Januari 1941 aliarifiwa na wizara kwamba damu yake ina robo ya Uyahudi na kwamba atastaafishwa. Mwanamume aliyejua zaidi ya wote jinsi nyuki wanavyoona alikuwa anafukuzwa na watu walioona kizazi kilichopita na wasione kazi iliyo mbele ya macho yao.

Kilichomwokoa ni msiba wa nyuki. Ugonjwa wa nosema, unaosababishwa na kimelea kinachokaa tumboni mwa nyuki, uliingia katika mizinga ya Ujerumani katika miaka hiyo ya vita na kuangamiza makundi chungu nzima. Bila nyuki hakuna uchavushaji wa matunda na mbegu, na nchi iliyokuwa vitani ilihitaji kila tunda. Marafiki zake wakatumia nafasi hiyo, wakamsihi mkubwa huyu na yule, na wizara ya chakula ikamtwika kazi ya kupambana na ugonjwa. Kufukuzwa kwake kukaahirishwa hadi baada ya vita. Vita vilipokwisha, waliomfukuza hawakuwapo tena.

Mabomu ya mwaka 1944 yaliiharibu taasisi na nyumba yake huko Munich. Akakimbilia kinuni kwake Brunnwinkl, na huko, nchi ikibomoka kote kumzunguka, akagundua kwamba ngoma ya nyuki huwaeleza wenzake umbali na upande chakula kiliko. Habari hiyo ni mashuhuri na imo vitabuni, sitairefusha. Baada ya vita alifundisha Graz, akarejea Munich mwaka 1950, akastaafu mwaka 1958. Tuzo ya Nobeli aliipata mwaka 1973 pamoja na Konrad Lorenz na Nikolaas Tinbergen, akiwa na umri wa miaka 86. Alifariki Munich tarehe 12 Juni 1982.

Kenya haikukosa mtu wa kuithamini elimu ya wadudu. Profesa Thomas Odhiambo alianzisha kituo cha icipe Nairobi mwaka 1970, na kituo hicho kimefanya kazi na wafugaji nyuki wa Mwingi hadi asali yao ikapata soko la heshima. Kwa hiyo sizungumzi na watu wasiojua thamani ya nyuki. Ninalolilalamikia ni jingine. Wazee wetu wajua mti gani hutoa asali nyeupe na upi hutoa asali nyeusi. Maprofesa wetu wajua viini vya macho ya wadudu. Katikati yao yuko mwanafunzi wa kidato cha tatu mwenye sentensi moja ya kukariri.

Na ujinga huo una gharama. Mwembe ni mti wa fedha katika Makueni. Ua lake ni dogo, lenye rangi iliyofifia, halina fahari yoyote machoni petu. Mkulima aliyefunzwa kwamba mdudu huvutwa na rangi za kung'aa atalitazama na kuhukumu kwamba halina mgeni. Atapuliza dawa saa nne ya asubuhi, mti ukiwa umechanua, wakati nzi na nyuki wamejaa juu yake wakifanya kazi ambayo bila hiyo maembe yatapungua. Amelihukumu ua kwa macho yasiyohusika. Lau angelikuwa amejifunza, akiwa na umri wa miaka 15, kwamba jicho lake si shahidi pekee, pengine angengoja maua yapukutike, au apulize magharibi wageni wakiisha ondoka.

Elimu yenyewe haijasimama. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Canada, walichapisha kazi juu ya alizeti-mwitu za Marekani Kaskazini. Ile shabaha ya urujuanimno isiyoonekana kwetu haina ukubwa mmoja. Yako maua yenye kiini kidogo cha giza na yako yenye kiini kilichoenea karibu petali nzima. Waligundua kwamba katika sehemu zenye ukavu, kiini hicho aghalabu ni kikubwa zaidi, na kwamba kemikali zinazokichora yamkini humsaidia ua asipoteze maji kwa haraka. Rangi moja, basi, yaweza kumhudumia nyuki na ukame kwa pamoja. Nilipoisoma habari hiyo niliwaza mara moja nyanda za Mutomo na Kathonzweni. Nani ameyachunguza maua yetu ya nchi kavu kwa jicho hilo? Kazi hiyo inawangoja wanafunzi wanaokaa madawatini leo.

Kwa walimu walio tayari kuanza, hesabu ya vifaa ni hii: karatasi moja ya buluu, moja ya manjano, moja nyekundu; karatasi nyeupe kumi na tano, zilizopakwa wino mweusi uliozimuliwa kwa maji kwa viwango tofauti hadi kupata ngazi ya kijivu; visahani au vizibo vya chupa; sukari; kioo cha dirisha cha kufunikia. Meza iwe mbali na madarasa, na mizinga iwe mbali zaidi, maana nzuki wetu hawana mzaha. Mtoto ajulikanaye kuvimba akiumwa na nyuki asikaribie kabisa. Matone machache ya asali yatawaleta wa kwanza. Wapeni muda wa kutosha kuzoea kabla ya kubadili chochote, na anayeandika asiwe ndiye anayehesabu. Msifanye jaribio hili wakati wa maua mengi, kwa sababu nyuki akiwa na mbochi ya kweli hatayatazama maji yenu ya sukari. Mwezi wa Agosti unafaa, nchi ikiwa kavu na muthiia haujachanua bado.